Bei ya Kasri ya Faraja

Katika zama ambazo majini walikuwa wakitiwa muhuri na kutumwa kazi na binadamu, mji wa Bandari Safa ulikuwa chini ya Sultani Mundhir bin Ghasani, mtu mwenye hazina kubwa na mkono mgumu, na katika milki yake yote hapakuwa na kitu kilichosifiwa kama Kasri ya Faraja. Kasri hiyo ilikuwa ufukweni, mwendo wa nusu siku kutoka mjini, na aliyeijenga ni jini Hamdawani, ambaye babu yake Sultani alimfunga kwa pete ya madini ya risasi na kumwapisha awatumikie wageni wote watakaolipa mlangoni, mpaka pete hiyo ioze; na risasi, kama mjuavyo, haina haraka ya kuoza.

Siku saba za kukaa humo zilikuwa dinari elfu moja. Waliorudi walisifu vitanda, walisifu samaki, walisifu hata maji ya kunawia, na hakupata kutokea mmoja aliyesema ameibiwa, kwa kuwa mtu aliyelipa dinari elfu kisha akasema hakufurahi huwa amejitangaza mjinga sokoni, na hakuna apendaye kujitangazia hilo. Hivyo sifa za Kasri zilikua mwaka hata mwaka, na fedha ikaingia katika hazina ya Sultani, ambaye mwenyewe hakuwahi kulala pale hata usiku mmoja.

Sasa katika mji huo alikaa mpishi wa halua aliyeitwa Muhsini bin Shahali, na halua yake ilikuwa haina mfano, kwani alitia zafarani ya kweli na samli ya kweli, na mtu akimshauri apunguze gharama alimjibu kwa msemo wa wazee wake, kwamba rahisi huvunja upishi. Aliuamini msemo huo katika sufuria, na kwa bahati mbaya aliuamini katika kila kitu kingine. Alikuwa na mke, Thureya, aliyempenda kupita kiasi, na Mungu aliwajaalia binti mmoja, Raya, naye Raya alipofika miaka sita alishikwa na homa siku ya Jumatatu na Alhamisi akazikwa.

Tangu siku ile Thureya hakusema neno. Miezi tisa ilipita, akila anacholishwa na kunywa anachonyweshwa, na mkononi akishika kikuku cha fedha alichokuwa akivaa mtoto, wala hapakuwa na awezaye kukitoa katika vidole vyake. Waganga watatu waliitwa. Wa kwanza alimuumika chuku kumtoa damu, wa pili alimwandikia kombe la kunywa, na wa tatu, aliyekuwa ghali kuliko wenzake wote, alimtazama kwa muda mfupi akasema, "Mkeo haponi hapa. Mpeleke Kasri ya Faraja, la sivyo hataumaliza mwaka huu."

Muhsini aliuza nyumba. Aliuza duka, na mikufu ya mkewe, na mazulia, na sufuria kubwa ya shaba aliyorithi kwa babaye, na alipohesabu zikapungua dinari nane, akauza vilemba vyake na mikeka ya kulalia. Mama mkwe wake, Bi Shufaa, alisimama mlangoni akitazama vitu vikitolewa.

"Mkwe wangu," alisema, "huzuni haina dawa ya dukani. Ingekuwa nayo, matajiri wasingelia."

"Mama, nikibaki na nyumba na yeye akafa, nyumba nitaifanyia nini?" akajibu Muhsini.

Wakafika Kasri, na Muhsini akalipa mlangoni kwa mkono wake, na mlango ukafunguka wenyewe. Nami sitaidharau Kasri ile ili kuipendezesha hekaya, maana ilikuwa ajabu ya haki. Sakafu yake ilikuwa ya kioo, na chini ya kioo samaki wa rangi zote walimfuata mgeni popote aendapo, na vitanda vilijisogeza vyenyewe kufuata kivuli, na mto wa kulalia ulimwuliza mtu kwa adabu analalia ubavu gani, na palikuwa na ndege wa kijani aliyemsalimu kila mgeni kwa jina lake na jina la babaye. Mawimbi yalipanda ngazi za marumaru hadi mlangoni pa chumba, yakiwa na uvuguvugu asubuhi na ubaridi adhuhuri, na watumishi arobaini wa kijini, wote kwa kanzu nyeupe, walihudumu bila kumpa mgeni kisogo. Thureya alilazwa katikati ya hayo yote na alikuwa kama alivyokuwa kwenye mkeka wake. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Muhsini akaanza kuogopa, na akawa kila akiangalia marumaru anaona nyumba yake, na kila akiangalia kioo anaona duka.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mtumishi mmoja alikuja kuchukua sahani, na hapo Thureya akaifunika kwa kiganja, akasema kwa sauti iliyokwaruza kwa kutotumika, "Sahani ya watu hairudi tupu."

Muhsini alibubujikwa na machozi. Ndivyo alivyolelewa mkewe, na ndivyo walivyolelewa wanawake wote wa mtaa wao: jirani akikuletea chakula, sahani yake huirudishi tupu, unatia ulicho nacho, walau ndimu mbili, walau chumvi. Kwamba pale si kwa jirani, na kwamba chakula kile kilikwisha kulipiwa kwa nyumba na duka, hilo halikumjia Thureya, na mumewe kwa furaha hakumkumbusha. "Tia, Mama Raya," akasema. "Tia chochote, mke wangu, umenena kweli."

Lakini kitu gani angetia? Hawakuwa na ndimu wala chumvi, wala pete, wala shanga, kwa kuwa vyote viliuzwa ili waingie pale. Thureya alitazama huku na huku, akafungua vidole vyake taratibu, akakiweka kile kikuku katikati ya sahani. Mtumishi akainama sana, akaondoka nayo.

Alfajiri ya siku ya nne Muhsini aliamshwa na kicheko. Mkewe alikuwa ameketi kwenye ngazi, miguu majini, akibishana na ndege wa kijani, na mapapai mawili alikwisha kuyala, na mashavu yake yalikuwa yamerudiwa na damu. Muhsini alisujudu pale pale kushukuru, kisha akamwita, "Mama Raya."

Hakugeuka. Akamwita mara ya pili, na Thureya akatazama nyuma yake, kisha upande wa pili, kama mtu anayetafuta mwingine anayeitwa.

"Unamwita nani?" akauliza. "Kuna wageni wengine?"

"Nakuita wewe, Mama Raya."

"Raya ndiye nani?" akasema huku akitabasamu. "Muhsini, umeamka vibaya. Njoo ule papai."

Tangu azaliwe mtoto wao, Thureya hakuwa amemwita mumewe kwa jina. Siku zote alikuwa Baba Raya. Muhsini alisikia jina lake mwenyewe likitamkwa, akainuka akaenda mbio ukumbini, akapiga nguzo kwa ngumi na kumtaka bwana wa Kasri, na jini Hamdawani akamtokea, mrefu hata kichwa chake kikashika dari, na kwenye kidole pete ya risasi.

"Karibu, ewe Muhsini bin Shahali," jini akasema. "Miaka mia na arobaini nawapelekea chakula matajiri wa dunia, na kila sahani hunirudia na mifupa. Jana ndiyo mara ya kwanza imerudi na zawadi. Nasi majini sheria yetu ni hiyo hiyo yenu. Sikuweza kuirudisha tupu, basi nimeirudisha na afya ya mkeo."

"Na mwanangu yuko wapi?"

"Nimepewa kikuku. Nasi tukipewa kitu twakichukua pamoja na vyake vyote, na vyake vilikuwa mtoto aliyekivaa: jina lake, sura yake, machozi aliyoliliwa, na kaburi. Hapana mtu Bandari Safa anayemjua tangu alfajiri ya leo."

"Mbona mimi namjua?"

"Kwa sababu wewe ndiwe uliyelipa mlangoni," akasema jini, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote. "Aliyelipa hana budi kujua alicholipa."

Muhsini akamshika kanzu, akamsihi kwa Mungu na mitume amrudishie. Jini akampa sahani ile ile, nyeupe, isiyo na kitu. "Yawezekana. Sahani hii hapa. Sema kwa ulimi wako kwamba umetia humu afya ya mkeo, uniletee kabla jua la siku ya saba halijazama, nami nitakupa kikuku na vyake vyote. Kumfufua mtoto siwezi, hilo si langu. Utamkuta moyoni mwa mama yake, na mama yake utamkuta kitandani kama ulivyomleta, na mwaka huu hataumaliza."

Siku tatu Muhsini alitembea na sahani ile kwapani. Thureya aliogelea, alilala, alikula, aliimba nyimbo za usichana wake, na kila alipocheka mumewe aliona raha, na kila alipoona raha alijichukia. Mchana wa siku ya saba akaketi karibu naye akasema, "Mke wangu, mtu akipoteza alichokipenda kuliko roho yake, lipi jema, akikumbuke augue, au akisahau apone?"

Thureya akafikiri kwa heshima, maana alimwona mumewe amesononeka. "Mume wangu, hilo waulizwe waliopoteza," akasema. "Mimi Mungu amenisetiri, sijui."

Muhsini akaweka sahani mapajani, na alasiri ikaja, na watumishi wakapita bila kumpa kisogo, na jua likashuka hadi likagusa maji, naye hakuinuka. Lilipokwisha kuzama aliivunja sahani juu ya marumaru. Hivyo alimzika Raya mara ya pili, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumpokea jeneza upande wa pili.

Wakarudi mjini, wakapanga chumba kimoja. Bi Shufaa alimkumbatia binti yake akalia kwa furaha, kisha akamgeukia Muhsini. "Mkwe wangu, niwie radhi. Nilisema hakuna dawa ya dukani."

"Mama, wamkumbuka Raya?"

"Raya wa nani?"

Muhsini akaenda makaburini. Kati ya kaburi la babaye na la shangaziye, alipomlaza mtoto kwa mikono yake, palikuwa na nyasi tu, na ardhi ilikuwa sawa.

Habari za kupona Thureya zikaenea, zikamfikia Sultani Mundhir, naye wakati huo alikuwa akiwaza kupandisha bei. Akawaita barazani, na mawaziri wakakaa safu, na Thureya akawekwa nyuma ya pazia kama ilivyo ada.

"Ewe mpishi," akasema Sultani, "nimeambiwa uliuza kila ulicho nacho ukaingia Kasri yangu. Nataka ukweli, si sifa, maana sifa ninazo tele. Je, mahali pale panastahili bei yake?"

Kabla Muhsini hajafungua kinywa, sauti ilitoka nyuma ya pazia. "Panastahili, maulana, kila dinari. Niliingia nimebebwa, nikatoka natembea. Na nilikuwa naumwa nini, hata sikumbuki."

Baraza lote likacheka kwa furaha. Sultani akamwelekea Muhsini. "Nawe mume, unasemaje?"

Mlangoni pa baraza Muhsini aliwaona watu waliokuja kusikia: mzee aliyemkokota mke kipofu, na kijana mwenye mama mgonjwa, wote wakimtazama yeye. Alijua kuwa neno moja lingewarudisha makwao bila kuuza nyumba zao. Alijua pia kuwa neno hilo angelisema mbele ya Thureya, naye angelipeleka nyumbani na kuanza kutafuta amepoteza nini.

"Mke wangu amesema kweli, maulana," akajibu. "Panastahili."

Basi siku ile ile bei ikawa dinari elfu mbili, na kijana yule mwenye mama mgonjwa alikwenda moja kwa moja kumtafuta dalali wa nyumba. Sultani alifurahi kupita kiasi, na mkono wake mgumu ukalegea kwa mara moja katika maisha yake. Akampa Muhsini nyumba ya ghorofa, na cheo cha mpishi wa halua wa sultani, na sufuria ya shaba kubwa kuliko ile aliyouza, na kwa kuwa Thureya alitoka Kasri amenawiri kama bikira, akaamuru waozwe upya kwa mahari ya hazina. Kadhi alieleza kwamba ndoa isiyovunjika haifungwi mara ya pili. Sultani akamwambia afunge tu.

Siku ya harusi Muhsini alikataa mpishi mwingine, akapika halua mwenyewe, akaisonga tangu asubuhi hadi mafuta yakajitenga. Wapishi wa halua wana desturi moja: sufuria ikiepuliwa, ukoko wa kwanza ni wa mtoto wa nyumba. Muhsini alikwangua ukoko, akauweka juu ya kipande cha jani la mgomba, akaupuliza upoe, kisha akainama na kuunyoosha mkono chini, usawa wa kiuno chake, na akabaki ameinama hivyo.

Thureya alikuja na hina yake mpya na nguo za bibi harusi. "Unampa nani?" akauliza.

"Nimezoea tu."

"Umezoea nini, mume wangu, na nyumba yetu haijapata kuwa na mtoto? Usihuzunike. Mungu ni mkubwa, naye atatupa." Akalichukua lile jani mkononi mwake, akala ukoko wote, akaramba vidole, akasema hajapata kula halua tamu kama ile.

Huo ndio mwisho wake, kwa ndoa na kwa mali kama inavyopasa, na mwenye kutaka funzo achukue hili: usiulize bei ya kitu kwa aliyekifurahia, muulize aliyekilipia. Tena muulize akiwa peke yake. Kasri ya Faraja ingali ufukweni na watu wangali wakipanga safu mlangoni, na mtu mmoja katika mji ule aliijua bei yake kamili, akaishi miaka mingi akipika halua, na hakumwambia mtu.