Mwaka Ambao Ngao Haikutolewa

Nikisema "kilikuwapo", wajukuu, ulizeni "kikawaje?" Tena kwa sauti, masikio yangu si kama yenu.

Kilikuwapo!

"Kikawaje?"

Zamani, mlima ule ukiwa bado haujapewa jina, Wakolwa waliwashinda Wasesa vitani, wakateka ngao ya mtemi wao. Kila mwaka, mtama ukishavunwa, Wakolwa waliitoa ngao ile uwanjani, wakapiga ngoma, wakachinja ng'ombe. Na nani walikuwa wa kwanza kufika? Wasesa! Wale wale walioshindwa. Walikula nyama, wakawataja wafu wao, wakawatukana wenyeji: "Ngao yetu mmeifuga vibaya! Imekonda kama mtemi wenu!" Wenyeji wakacheka. Walikuwa watani, utani uliozaliwa na vita vile. Mkolwa akifa, Msesa ndiye aliyechimba kaburi. Msesa akifa, vivyo hivyo.

Akatawala Mtemi Masanilo, mtu mpole. Akajiuliza: "Jirani anayetuzika, kwa nini tumkumbushe kila mwaka kwamba tulimpiga?" Mtama ukavunwa, ngao ikabaki ndani. Wasesa walipofika, walikuta uwanja mtupu. Wakarudi kwao kimya. Watani, wajukuu, wakarudi kimya!

Kilikuwapo!

"Kikawaje?"

Nyanzobe, mamake Masanilo, akafariki. Mjumbe akatumwa kwa Wasesa, akarudi peke yake. Jua kali, maiti ndani, na hakuna Mkolwa aliyethubutu kushika jembe, maana ndugu hamchimbii ndugu. Masanilo akaenda mwenyewe kwa Lugwisha, mzee wa Wasesa.

"Mtani wangu, mama amelala ndani. Njooni."

"Mtani wa nani?" Lugwisha akauliza. "Sisi na nyinyi tulipigana lini?"

"Unajua tulipigana."

"Mimi najua. Wewe umeficha."

"Nilitaka kuwaondolea aibu."

"Ulituuliza?"

"Sikuwauliza."

"Siku ya ngao," Lugwisha akasema, "ndiyo tuliyowataja wafu wetu mbele ya ngao yao, na nyinyi mkisikiliza. Sasa tuwataje wapi? Jikoni?"

Masanilo akarudi mbio, akaitoa ngao, akaiegemeza mlangoni mwa marehemu. Wasesa wakaja. Lugwisha akaigonga ngao, akawataja waliouawa, mmoja mmoja. Wakolwa wakasikiliza. Halafu akachungulia ndani.

"Ala! Kibibi chenyewe kifupi hivi? Tungekuja na kijiko, majembe ya nini!"

Waliokuwa wakilia wakacheka, kisha wakalia tena. Kaburi likachimbwa.

Unasemaje, Sayi? Kama Wasesa wangekuwa hawataki tena kuja? Swali zuri. Basi ngao ingebaki ndani, na ng'ombe wangeshukuru.

Shikeni hili: kushangilia ushindi bila kumwuliza aliyeshindwa ni kelele. Kuuficha bila kumwuliza ni dharau.

Kisa kimekwenda kwao, mimi nimebaki hapa. Mwenye swali alale nalo, asubuhi aniletee.