Gunia Kifuani mwa Mzee Nyamhanga

Hapo zamani, si zile za mazimwi, zamani za karibu ambazo baadhi yetu tulikwishaanza kuvaa viatu, palikuwa na mzee aitwaye Nyamhanga. Alikaa katika nchi ya milima, kwa watu wanaotahiri vijana wao hadharani, asubuhi yenye baridi, ukoo mzima ukitazama. Kijana akipepesa jicho, jina lake linaharibika, na la baba yake pamoja. Nyamhanga hakupepesa. Tangu siku ile mpaka mvi zikamjaa, hakuna aliyemsikia akisema anaumwa.

Msimu mmoja wa kulima, maksai wake alimbana kwenye nguzo ya zizi. Mbavu zikavunjika. Mwanawe, Wambura, akamlaza kwenye mkokoteni na kumpeleka hospitali. Akapewa kitanda katika wodi ya wanaume. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo Magaigwa, mtu wa rika lake, aliyetahiriwa naye siku moja, kwa kisu kimoja. Magaigwa alikuwa amepasuliwa ngiri.

Daktari akasema, "Mbavu hazifungwi plasta. Zitaunga zenyewe. Mzee ana kazi moja tu: avute pumzi ndefu na akohoe. Asipokohoa, makohozi yatajaa mapafuni. Na nimonia ya mzee haina subira."

Asubuhi wauguzi wakamuuliza kama wanavyowauliza wote. "Mzee, kutoka sifuri, yaani huna maumivu kabisa, mpaka kumi, yaani maumivu ambayo hujawahi kuyapata, wewe uko wapi?"

"Sifuri," akasema Nyamhanga.

"Na mimi sifuri," akasema Magaigwa, bila kuulizwa.

Wambura, aliyesimama miguuni pa kitanda, akatabasamu. "Huyo ndiye baba."

Jioni wakamuuliza tena. Sifuri. Kesho yake wakamuuliza. Sifuri. Dawa hakutaka, maana mwenye sifuri anameza dawa ya nini? Na kukohoa hakukohoa. Homa ikaanza kupanda.

Sasa, wodi ile ilikuwa na wauguzi watatu, na kila mmoja alikuwa ametokea wodi nyingine. Washikeni vizuri, maana mtaulizwa.

Wa kwanza aliitwa Tumpe. Alikuwa amehudumia vichanga. Yeye hakumuuliza mzee kitu. Alisimama mlangoni, akamtazama kwa muda, kisha akarudi kwa wenzake.

"Yule mzee anaumwa sana."

"Amekwambia?" akauliza Ghati.

"Kichanga huwa kinaniambia? Paji lake limekunjamana hata akisinzia. Pumzi zake ni fupi kama za kuku aliyefukuzwa. Uji uko pale pembeni umepoa, mkono hautaki kuufikia. Na ameshika chuma cha kitanda mpaka vidole vimepauka."

"Kamwambie daktari."

"Nimemwambia. Kaniuliza mgonjwa mwenyewe anasemaje."

"Na mgonjwa anasemaje?"

"Sifuri."

Wa pili ndiye huyo Ghati. Alikuwa ametokea wodi ya watoto, wale wadogo ambao ukiwatajia kumi hawajui kama ni nyingi au kidogo. Tena alikuwa binti wa milima ile ile. Akasema, "Mnamuuliza mbele ya mwanawe na mbele ya rika lake. Mtamuuliza mpaka afe. Ile sifuri si ya maumivu, ni ya heshima."

Akamtuma Wambura akanunue chai. Kisha akamgeukia Magaigwa.

"Baba, daktari anataka utembee mpaka kwenye bomba."

"Jana nilifika kwenye bomba."

"Leo limesogezwa."

Magaigwa akaondoka akinung'unika, mkono kwenye kinena. Ghati akavuta kiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kama umekuja kuniuliza maumivu, sina."

"Sikuulizi maumivu. Nakuuliza mzigo. Mwanamume hubeba mzigo, wala si aibu kusema una uzito gani. Hapo kifuani umewekewa nini? Kibaba cha mahindi? Ndoo? Debe? Gunia?"

Mzee akatazama mlangoni. "Wambura yuko wapi?"

"Kwenye chai."

Akageuza uso ukutani. Kisha akasema kwa pumzi fupi fupi, "Gunia." Akapumzika. "Lumbesa. Lile linalojazwa mpaka likashonewa kilemba. Na mtu amekaa juu yake."

"Pole, baba."

"Sikutaka pole. Neno hili likitoka hapa, nitasema umeliota."

"Halitoki."

Ghati alipoinuka, kiti hakijapoa, daktari alikuwa amekwishaambiwa. Daktari akaandika dawa: morfini ya maji, kipimo kidogo cha mzee.

Hapo ndipo anapoingia wa tatu, Mwanahawa. Yeye alikuwa amehudumia wagonjwa wa saratani. Aliposimama na kile kikombe kidogo, Wambura alikuwa amerudi na chai, na Magaigwa amerudi kutoka kwenye bomba, ambalo alilikuta palepale.

Nyamhanga akafumba mdomo. Akaufumbua kidogo tu, aseme. "Dawa hiyo alipewa kaka yangu. Akafa."

Wambura akaweka chai chini. "Dada, baba hapewi dawa ya kufia."

Mwanahawa hakubishana. Akauliza, "Mzee, kaka yako alikuwa na ugonjwa gani?"

"Saratani ya koo."

"Na alipopewa dawa hii, kabla hajafa, ilikuwaje?"

Mzee akafikiri. "Alilala. Alikunywa maziwa. Alituita wote, akatugawia ng'ombe kwa mdomo wake mwenyewe."

"Basi kilichomuua ni saratani. Dawa ilimpa siku zile. Wewe huna saratani, una kazi ya kukohoa. Na mwenye mzigo hawezi kukohoa, lazima autue kwanza."

Nyamhanga akamtazama Ghati. Ghati akatazama dirishani.

"Kutua si kuanguka, mzee," akasema Mwanahawa.

Nyamhanga akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akanywa.

Mwanahawa hakuondoka. Alivuta kiti, akawa anahesabu pumzi zake, maana dawa ile ikizidi hupunguza pumzi. Alimtazama mpaka paji likakunjuka na vidole vikaachia chuma. Ndipo akampa mto. "Ukumbatie kifuani, kwa nguvu. Sasa kohoa."

Mzee akakohoa. Akapumzika, akakohoa tena, na safari hii kikohozi kilitoka chini kabisa. Alitema makohozi mazito ya manjano. Wambura, ambaye hajawahi kumshika baba yake mkono, akajikuta ameshika bakuli.

Alasiri mzee alimaliza uji. Kesho yake homa ilikuwa imeshuka.

"Na mimi nipeni hicho cha kutulia," akasema Magaigwa.

"Si wewe ni sifuri?" akauliza Tumpe.

"Nilikuwa sifuri kwa ajili yake. Ningefanyaje, na amelala hapo?"

"Una nini hasa?"

Magaigwa akamtupia jicho rika lake. "Debe."

"Debe tu?" akasema Nyamhanga. "Na kelele zote hizo." Akacheka, na kucheka kule hakukumuua.

Siku ya kuruhusiwa, mke wa Wambura alikuwa amejifungua mtoto wa kike katika hospitali ile ile. Wakamleta kwa babu yake. Nyamhanga akampakata, akawaita wauguzi watatu.

"Mjukuu huyu atachukua jina la aliyenirudisha kwangu," akasema. "Mimi sikuona mambo yote, nilikuwa chini ya gunia. Na jina ni moja. Semeni."

Tumpe akasema, "Wote walisikia sifuri wakaridhika. Wengine walikusifu. Wangekusifu hivyo hivyo mpaka wakufunike shuka. Mimi ndiye niliyesema huyu anaumwa, wakati hata wewe unakataa."

"Kusema kwako kulimshusha homa?" akauliza Ghati. "Uliona, ukasema, ukarudishwa, ukakaa. Mzee alifunga mlango, nami nikaupata ufunguo. Neno lilitoka kinywani mwake, na daktari alisubiri neno hilo."

"Neno halikohozi mtu," akasema Mwanahawa. "Mlikuwa mnajua uzito wa gunia, naye bado amelibeba. Mngekuja na kikombe kile, angekifumbia mdomo, na mtoto wake angewatoa nje. Mimi nililitua, nikakaa naye mpaka akapumua."

"Ukatua gunia nililokuonyesha mimi," akasema Ghati.

"Na wewe ulionyeshwa na mimi," akasema Tumpe.

Magaigwa akainua kidole. "Huyo Ghati asijisemee sana. Mwenzangu kaniambia. Aliahidi kwamba neno halitatoka, na kiti hakijapoa, likatoka. Kwetu aliyevunja ahadi hapewi mtoto amrithi jina."

Nyamhanga akamgeukia Ghati. "Ni kweli. Uliniuza."

"Niliuza gunia, baba," akasema Ghati. "Wewe bado uko."

Mzee akafikiri, akatikisa kichwa, na hakuna aliyejua kama ni kwa kukubali au kwa kukataa. Mtoto akaanza kulia. Wambura akashtuka, "Anaumwa?"

"Hapana," akasema Tumpe, bila kumsogelea. "Huyo ana njaa."

Akarudishwa kwa mama yake, akanyamaza. Nyamhanga akapakiwa kwenye mkokoteni, mto kifuani, akikohoa apendavyo njia nzima. Alifika salama, akaishi, akalima tena. Lakini mtoto alifika nyumbani hana jina, na babu yake akawa anauliza kila mgeni, kama ninavyowauliza nyinyi.

Yuko aliyeuona mzigo wakati mbebaji mwenyewe anaukana. Yuko aliyeufanya utajwe, kisha hakutunza siri yake. Yuko aliyeutua, baada ya wenzake kumwonyesha ulipo. Jina ni moja, na mtoto anangoja. Je, mngemwita Tumpe, mngemwita Ghati, au mngemwita Mwanahawa?