Nani Akibebe Kibuyu cha Nakijwa

Hapo zamani, huko milimani, ilisikika sauti moja usiku: kwa! Kilikuwa kifuniko cha sanduku la bati. Senzighe akadhani panya wameangusha kitu, akajifunika shuka. Kulipokucha, mkewe Nakijwa hakuwepo. Alikuwa amerudi kwao.

Miaka mingi walikuwa wameishi bila mtoto, na miaka yote hiyo Bibi Namsifu, mama yake Senzighe, alikuwa na wimbo mmoja: "Mwanangu ni jogoo. Tetea ndiye asiyetaga." Nakijwa akanyweshwa mizizi michungu, akanyamaza. Akanyweshwa mingine, akanyamaza.

Upweke ndio uliompeleka Senzighe hospitali, alikokuwa akikataa kwenda. Daktari akampima, akamweleza taratibu.

"Manii yako hayana mbegu. Umezaliwa na kasoro katika vinasaba. Kasoro ya aina hii mwanamume huirithi kwa mama yake, na mama mwenyewe haimdhuru. Je, huna mjomba aliyeoa asipate mtoto?"

"Mama hana kaka," Senzighe akajibu. Ndivyo alivyoambiwa tangu utotoni.

Akatoka, akashika njia ya nyumbani. Alitaka kumkasirikia mtu, hakujua ni nani.

Sasa, kule kwao, mke aliyerudi kwa wazazi hufuatwa kwa kibuyu cha maziwa. Kibuyu kimoja, mbebaji mmoja, naye ni mwenye kosa. Akikibeba asiyestahili, ndoa imekufa.

Senzighe na mama yake wakaenda, wakakutana na Nakijwa uani kwa baba yake. Kibuyu kikawekwa katikati.

"Nitakibeba mimi," akasema Senzighe. "Nilikataa kupimwa, nikamwacha mwenzangu anywe mizizi. Lakini, baba, mwili huu sikuuchagua. Sijui hata nijilaumu kwa lipi."

"Kibuyu ni changu," akasema Nakijwa. "Nilipimwa zamani, kwa siri, nikaambiwa mimi mzima. Nikaficha nisimwaibishe mume wangu. Ningesema, asingechelewa kujua."

Baba yake akaguna. "Mke ajifuate mwenyewe kwa maziwa? Hayo mapya."

Senzighe akamgeukia mama yake. "Mama, daktari aliniuliza habari za mjomba."

Bibi Namsifu akajivuta karibu na kibuyu.

"Nilikuwa na kaka. Alioa, akafa bila mtoto. Kwetu mtu wa namna hiyo jina lake halitajwi. Ukilitaja, utasa wake unahamia kwa mwanao. Ndivyo tulivyofunzwa. Nilinyamaza ili wewe upate watoto, mwanangu. Nikanyamaza, halafu nikamtukana mkeo, na moyoni nilikuwa na wasiwasi kwamba utasa umetoka kwetu."

"Mjomba aliitwa nani?"

Mama akakitazama kibuyu, akamtazama mkwewe, akamtazama mwanawe.

"Kadeghe," akasema. "Kaka yangu aliitwa Kadeghe."

Je, ninyi mnaonisikiliza, nani alistahili kukibeba kibuyu?