Kiganja Kitupu cha Ukuta wa Ndani

Haya, anayetafuna afunge mdomo, na mwenye usingizi akalale kwao. Mmeniuliza kwa nini nyumba zetu za mawe hapa Ndauwe, ukiingia chumba cha ndani kabisa, unakuta mkanda wa nakshi umepita juu ya zidaka, vile vishubaka vya kuwekea sahani, majani na maua yamefuatana kama watu wa maulidi, halafu katikati pana nafasi ya upana wa kiganja kimoja, chokaa tupu. Nisipowaambia mimi mtakwenda kuwauliza watembeza wageni, na wale hata jina la mtaa wao wanalikosea.

Mji ulipokuwa bado mchanga, mkanda ule haukuwa na pengo. Ulitoka pembe hii ukafika pembe ile, na katikati palichanua ua moja kubwa la petali nane. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Wanaume walichoma matumbawe yakawa chokaa, wakainua mawe, wakapaua, kisha wakaambiwa asanteni, tokeni. Mwanamke ndiye atakayezaa na kuoshwa maiti mle ndani. Kwa nini ukuta wake achongewe na mwanamume?

Hodari kuliko wote walikuwa ndugu wawili wa tumbo moja, Mwanatumu mkubwa na Mwanajaa mdogo. Ukuta ulipakwa alfajiri, unene wa vidole viwili, na ulitakiwa uwe umechongwa kabla ya alasiri, maana chokaa ikishashika kisu hakiingii tena, kinamega tu. Mtu mmoja hawezi kuuwahi ukuta mzima. Basi Tumu alianza pembe ya kulia na Jaa pembe ya kushoto, wakaja wakikutana. Hawakuwa na kamba wala kipimo, walipimana kwa sauti. Tumu akiita "Jani!", Jaa anajibu "Jani!" "Kikonyo!" "Kikonyo!" Mmoja akiona anabanwa anapiga kelele, "Legeza, dada!", na mwenzake anapunguza majani. Wakifika katikati, Tumu aliye mkubwa anashusha kisu anasema, "Njoo." Ndipo Jaa anaingia kuchonga lile ua, kwa sababu mkono wa Jaa kwenye ua haukuwa na mfano. Hakuligusa hata siku moja kabla ya kuitwa. Adabu ilikuwa hivyo.

Jaa hakujaliwa mtoto. Aliolewa mara mbili akaachwa mara mbili, na sababu mji mzima uliijua. Lakini Tumu alikuwa na binti, Somoe, na Jaa ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kitambaa cha mbeleko kikachanika. Somoe alipoposwa, baba yake akamjengea nyumba kama ada ilivyo, na mama na khalati, mama yake mdogo, wakaja kumchongea ukuta.

Siku moja kabla ya kupaka, Jaa alichota chokaa katika shimo ilimolazwa ilainike, akaisugua kati ya vidole.

"Dada, hii haijalala vya kutosha. Itashika upesi. Tungoje wiki mbili."

"Harusi Ijumaa."

"Harusi isogezwe. Somoe atakaa na ukuta huu miaka hamsini."

"Watu wameshaalikwa, Jaa. Hujui mama wa bibi harusi anavyosemwa."

"Somoe nimemlea mimi pia, dada. Nami nina neno."

Tumu alikuwa amechoka, na jamaa za bwana harusi walikuwa wamemtoa roho tangu mwezi umeandama. Lakini kuchoka si dawa ya ulimi. Akasema, mbele ya wanawake wanaokanda chokaa, "Anayetaka neno juu ya bibi harusi, azae wake."

Jaa alinawa mikono. Akaenda zake. Hakulia, angelia ingekuwa afadhali.

Alfajiri yake alikuja. Msishangae, alikuja kwa ajili ya Somoe. Alisimama pembe yake ya kushoto akaanza kuchonga, kimya. Tumu naye akaanza, kimya. Bi Nana, mkandaji chokaa, mwanamke asiyeweza kukaa na utani tumboni, akawatania: "Leo vipi, mmemeza ndimi na uji? Iteni basi, hata ukuta unaona haya!" Visu vikaendelea kukwaruza. Bi Nana akarudi kwenye karai lake, maana alijua kukanda chokaa, kupatanisha watu hakujua.

Wakaja wakikaribiana. Katikati pakabaki kiganja kimoja, mahali pa ua hasa. Tumu akashusha kisu. Moyoni alijua alichosema, na alitaka Jaa aingie. Lakini hakusema "Njoo." Alijiambia: si anaona nimempisha? Nimwite tena na nimbembeleze, mbele ya Bi Nana? Jaa naye alishusha kisu chake akasimama, macho ukutani. Wakasimama hivyo, ndugu wawili, kila mmoja anasikiliza pumzi za mwenzake. Na chokaa ilikuwa changa, kama Jaa alivyosema. Haikungoja alasiri. Adhuhuri ilipoadhiniwa Tumu aligusa pale katikati kwa ukucha, ukucha ukateleza.

Somoe aliingia nyumba yenye pengo. Jaa alihudhuria harusi, akampaka bibi harusi hina, kisha Jumapili akasafiri kwenda kukaa kwa jamaa wa mbali, upande wa bara. Tumu alisema atamfuata mvua zikikatika. Zikakatika. Akasema baada ya mavuno, baada ya mjukuu kuachishwa ziwa. Mwaka wa nne wakaja watu na sanduku la Jaa, na ndani kisu chake kimefungwa kwenye ile mbeleko iliyochanika. Mmoja wao, mwanamke aliyemuuguza mpaka akafa, akasema, "Alikuwa akiulizwa kwa nini hachongi tena. Akijibu, 'Nangoja dada aniite.'"

Tumu alikwenda nyumba ya Somoe akakaa mbele ya ukuta ule mpaka wakamtoa kwa kumshika mikono. Mafundi walitaka kuliziba pengo. Akawafukuza kwa maneno ambayo sitayarudia mbele yenu. Na kila nyumba aliyoichonga baadaye, peke yake, nusu ukuta leo na nusu kesho, alifika katikati akaacha kiganja kimoja. Wanafunzi wake wakaacha kwa kumwiga yeye, na wanafunzi wao wakaacha kwa sababu waliona kumeachwa.

Ndiyo maana mpaka leo hapa Ndauwe hakuna mkanda wa nakshi uliounganika. Mashangazi humwambia bibi harusi kwamba pengo ni kinga ya kijicho. Waongo. Pale ni mahali pa ua, na aliyejua kulichonga alikuwa hatua mbili tu, kisu mkononi, anangoja kuitwa.