Mafiga ya Bibi Nungu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu walioshiba. Tena: paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na maneno mengi kama sisi na aibu kutuzidi kidogo, alikuwako Bibi Nungu, mjane, mgongo wa miiba, macho ya ukungu. Mwanawe alikuwa mmoja tu, Kombo. Siku moja Kombo akamwambia:

"Mama, umezeeka. Nimekupatia mahali kwa Bi Korongo. Watakulea kama yai."

"Kwani kwako hakuna nafasi, mwanangu?"

"Ipo, mama. Ila mke wangu anaogopa miiba."

"Alipokula viazi vyangu hakuiogopa."

Kombo akakohoa.

Bibi akatoa sharti moja. Katika ukoo wa nungu, mafiga ya mwanamke hayang'olewi mpaka azikwe. "Niachie mafiga yangu matatu palepale jikoni kwangu. Nikipata nguvu, nitarudi kupika."

"Nani atayagusa, mama?"

Basi bibi akaenda. Kwa Bi Korongo, wageni wakija alipakwa mafuta, akavikwa leso mpya, akakalishwa barazani. "Bi Korongo, una moyo wewe!" Naye Bi Korongo huinamisha kishungi: "Aa, mimi ni nani?" Wageni wakishatoka, leso ilivuliwa ikakunjwa, bibi akarudishwa nyuma ya ghala, kwenye magunia.

Akitaka kufagia: "Pumzika, bibi." Akitaka kumenya viazi: "Pumzika, bibi." Akitaka mtu wa kuzungumza naye: "Pumzika, bibi." Na jikoni ndiko hasa alikokatazwa kukanyaga.

Kombo alikuja mara chache, mikono mitupu. Bibi huuliza jambo moja tu: "Mafiga yangu?"

"Yapo, mama. Yanakusubiri."

Hata ikafika siku ya karamu. Wanyama walikuwa wanamtawaza Bi Korongo kuwa Mama wa Huruma. Hotuba juu ya hotuba! Kombo naye akasimama, akatoa shukrani, akafuta machozi. Bibi alikuwa mbele na leso yake, kama pambo, na tangu asubuhi hakuna aliyekumbuka kumpa hata uji. Njaa ilipomzidi akajikokota hadi jikoni kuomba ukoko.

Chungu kikubwa cha wali kilikuwa motoni. Bibi akainama karibu. Figa la kulia lilikuwa na mfuo, pale alipokuwa akinolea kisu tangu alipoolewa.

"Kombo!"

Kombo akaja mbio, wageni nyuma yake.

"Mafiga haya ni ya nani?"

"Mama... ilikuwa zawadi tu. Bi Korongo aliyapenda. Na pale kwako nimepanda muhogo."

"Na nyumba?"

"Ilikuwa inavuja, mama."

Bibi akaegemea mkongojo wake. Kisha akasema, "Kumbe nilishazikwa, sikuambiwa." Akawageukia wageni. "Karibuni, jamani. Karibuni matangani kwangu. Marehemu ndiye mimi."

Bi Korongo akacheka kicheko kikavu. "Uzee huo, wageni wangu. Pumzika, bibi."

"Nitapumzika, mama. Nipe kwanza kilicho changu."

Akatia ukuni chini ya figa lile lenye mfuo, akalikongoa. Mafiga mawili hayabebi chungu. Wali wote, majivuni!

Hapo ndipo kilio kikazuka. Simba alilia, Nyani alilia, Kombo alilia. "Wali! Wali wetu!" Sijasikia msiba ulioliliwa vile. Bibi akalisukuma figa lake kwa mkongojo, polepole, akatoka nalo langoni, akashika njia ya kule kwenye muhogo. Hakuna aliyegeuza shingo, hata mwenye shingo ndefu.

Siku ya pili ndipo Bi Korongo alipogundua kuwa bibi hayupo. Alikuwa anaitafuta leso.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka mwisho mtamu, akapike mwenyewe.