Mtambo wa Nyati na Sauti ya Tunu

Hadithi njoo!
Njoo.
Uongo njoo!
Njoo.
Utamu leo haba, wanangu.
Tutavumilia.

Paliondokea Nyati, na huyo Nyati alikuwa na mtambo wa kujengea programu. Ukishaandika programu yako, sharti ipite humo ndipo kompyuta ya kijiji iiendeshe. Lakini mtambo ule ulitengenezwa kwa ajili ya lugha moja tu ya kompyuta, Java, nyingine haukuzijua, na Nyati alikuwa na amri yake: programu ikishindwa kujengeka, mwenyewe atoe malisho yake ya kilimani. Akaja Kobe na lugha yake. Guru-guru-guru, puu! Nyati akala malisho ya Kobe. Akaja Kanga na lugha yake. Guru-guru-guru, puu! Nyati akala malisho ya Kanga. Akanenepa mpaka shingo ikapotea.

Kilimani kikabaki kipande kimoja, cha Digidigi. Huyu alikuwa amefiwa. Mkewe, Tunu, alikuwa fundi wa lugha nyingine ya kompyuta, C, mwenye mtambo wake mdogo wa lugha hiyo, na aliandika programu ya kupima mto, maji yakijaa iwaite watu wapande juu. Akaitia sauti yake mwenyewe. Homa ikamchukua kabla haijajengwa. Digidigi alimlilia mpaka machozi yakamwachia alama nyeusi chini ya macho, na hamu yake ilikuwa moja tu, aisikie sauti ile. Akaenda kwa Nyati.

"Shikamoo, mzee. Nimeleta kazi ya marehemu."

"Marahaba. Ni ya Java?"

"Ya C, mzee."

Nyati akalamba midomo. Digidigi akamwomba waahidiane mbele ya wote: ikijengeka, kilima chote kirudi kwa wenyewe. Nyati akakubali upesi, maana roho yake ilikwisha fika kwenye yale majani.

Sasa, mtambo ule ulikuwa na nguvu lakini hauna maswali. Ukiambiwa jenga, unajenga. Ukiambiwa uite mtambo mwingine, unauita. Digidigi akauandikia maagizo: kwanza jenga programu fupi ya Java, ya kupiga hodi tu, kisha uite ule mtambo mdogo wa C alioacha Tunu, uupe kazi hii. Guru-guru-guru. Kimya. Guru-guru, tii! Ikajengeka.

"Umenichezea," Nyati akasema.

"Mtambo ni wako, mzee. Mimi nimeuagiza tu."

Kilima kikarudi kwa wenyewe. Mvua za masika zikaanza, mto ukafura, sauti ikaita kijiji kizima: "Pandeni juu, jamani. Pandeni juu." Kobe akapanda. Kanga akapanda. Nyati naye akapanda, anahema. Digidigi akabaki chini, maji magotini, anamsikiliza mkewe. Wenzake wakamwita, hakuitika. Sauti ikasema tena, pandeni juu, naye akaitii, kama alivyozoea kumtii nyumbani. Akapanda akilia. Nyuma yake maji yakaifunika kompyuta, na Tunu akanyamaza.

Hadithi yangu imekomea hapo. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi. Na funzo lake ni hili: chombo cha kazi hii kisifanyiwe kazi ile. Nyati ndiye anayelihubiri mpaka leo, akiwa kule kilimani, mwili mkavu, haukulowa mafuriko kwa sababu ya kazi ile ile anayoikataza.