Kigoda cha Mzee Senzota

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura na fisi, bali zamani ya mimi kuvunjika mguu kwa kuruka mto ambao hata ng'ombe huuzunguka, nililazwa hospitali, kitanda cha nne. Cha tano alilala Mzee Senzota, mchonga vigoda, mwenye kidonda pajani. Sisi wengine tuliletewa ndizi na jamaa zetu. Yeye hakuletewa hata salamu.

Kando ya kitanda alikuwa na kigoda kimoja cha mti wa mninga, alichokalia marehemu mkewe. Na desturi ya wodi ile ni hii: anayeruhusiwa kwenda nyumbani humwachia kitu aliyemuuguza vyema. Metroni, aliyekuwa akijaribu kuwapangia wauguzi zamu fupi wiki moja na ndefu wiki moja, akatamka: "Atakayepewa kigoda, zamu yake ndiyo tutakayoifuata sote."

Wiki ya zamu fupi akaja Sista Eliwaza. Mwepesi huyo! Sindano kwa saa yake, kidonda kinasafishwa mzee bado anacheka. Mzee akaanza: "Siku niliyomwona Nakijwa wangu, alikuwa amebeba kuni..." Saa saba mchana ikafika, zamu ikaisha. "Utanimalizia kesho, babu." Kesho yake akapangiwa wodi nyingine, akaja mwenzake: "Babu, jina lako nani?" Mzee akaanza tena na kuni. Saa saba. "Utanimalizia kesho." Kesho, mwingine. Siwadanganyi, kuni zile nilizisikia mara sita.

Wiki ya zamu ndefu akaja Sista Namsifu, saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, kila siku yeye. Hakuuliza jina. Alijua mzee hataki sukari kwenye uji. Kuni zikafika nyumbani, harusi ikaliwa, hata jioni ya mwisho mzee akafika pale alipomzika Nakijwa. Kutazama, Namsifu amesinzia juu ya kigoda, kichwa ukutani, na saa ya sindano ya kutuliza maumivu imepita.

Nikanong'ona, "Mzee, nimwamshe?"

"Mwache, mwanangu. Tangu Nakijwa aondoke, hakuna aliyelala karibu yangu."

Akauma shuka mpaka zamu ikaisha.

Siku ya mzee kuruhusiwa, Eliwaza, aliyekwisha kupata habari za jioni ile, akasema, "Babu, sisi wa zamu fupi hatukukuacha uumie hata mara moja."

"Mlimwacha peke yake," akasema Namsifu. "Mimi nilikaa."

"Ulikaa, dada, au ulilala?" Wodi ikaangua kicheko.

Nami, mtu wa haki nisiye na mfano, nikainua gongo langu. "Na mimi je? Mwanzo mara sita, mwisho mara moja, na sikusinzia!"

"Wewe ulinyamaza mzee akiuma shuka," akanijibu Eliwaza.

Nikashusha gongo.

Mzee akachungulia nje. Hakuna aliyekuja kumchukua. Akaweka kigoda mlangoni, akakikalia, akatutazama mmoja mmoja.

Haya, nyinyi mahakimu wa barazani, mguu wangu ulipona lakini swali hili bado. Aliyeondoa maumivu akaondoka, aliyekaa akasinzia, aliyesikia yote akanyamaza: je, nani alistahili kigoda kile?